Filamu Niliyoiangalia Dakika Ishirini

Mama mkwe wangu anapenda filamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwa miaka tisa mimi naye tumebishana juu ya waigizaji, mavazi na miisho ya hadithi, na katika miaka hiyo yote hatujakaa uso kwa uso hata mara moja.

Sisi ni Wabukusu. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka akampisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, na watu wa nje wakicheka tunawaacha wacheke. Mimi nilizaliwa Kitale mjini, mtoto wa karani, na mila nyingi nilizijua kwa kuzisikia zikitajwa kwenye mazishi. Hii moja nilifundishwa vizuri. Siku tuliyopeleka mahari, shangazi yangu alinivuta kando akaniambia, "Ukiona huyo mama anatoka kwa hiyo mlango, wewe angalia viatu zako." Niliviangalia mpaka shingo ikauma.

Basi daraja letu likawa mke wangu. Tulipokwenda kwao, upande wa Tongaren, mimi nilikaa sebuleni na mama mkwe akabaki jikoni, hatua kama kumi kutoka dirishani kwangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na sauti ya darasani haikumtoka.

"Mwambie baba watoto," alikuwa akisema, "hiyo muvi ya mkulima alituletea, nimeipea nne juu ya kumi. Huyo mkulima kila siku yuko kwa baa. Hizo ng'ombe zinakamwa na nani?"

Nilisikia kila neno. Hata hivyo nilimngoja mke wangu aje na chai, arudie yote, ndipo nijibu, na jibu nikalitoa kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. "Mwambie mama, aliyeandika hiyo hadithi hajawahi kufuga hata kuku." Kicheko kikatoka jikoni. Mke wangu akasimama pale mlangoni na sinia mkononi, akatikisa kichwa. "Nyinyi wawili mnanichosha, bana," alisema, lakini alikuwa akicheka.

Zilipokuja simu za kurekodi sauti, raha ilizidi. Mama mkwe alirekodi dakika tatu, nne, akazituma kwa simu ya mke wangu. Kwanza alimuuliza binti yake habari za mgongo wake unaomsumbua, akamuuliza kama watoto wanakula, akamwambia kuku gani ametotoa. Kisha akakohoa kidogo na kusema, "Sasa mwambie baba watoto." Hapo nilisogea karibu. Alijua nipo, nami nilijua anajua, ila kila sentensi ilipitia kwa mke wangu kama maji yanavyopitia kwenye chujio. Nilijibu vivyo hivyo, nikizungumza na mke wangu huku simu yake imewashwa mbele ya mdomo wangu.

Filamu zenyewe nilizipata Kitale, kwa muuza muvi mmoja karibu na soko. Jumamosi mchana tulikutana pale watu wanne watano, kila mmoja na alichokiona wiki hiyo, tukabishana mpaka wateja wakakosa pa kupita. Mimi nilisikilizwa. Nikisema filamu ni mbovu, muuzaji aliacha kuinadi siku hiyo. Jambo la kujivunia hilo, na nilijivunia sana.

Sasa niseme lisilojulikana. Mimi sikuwa nikimaliza filamu. Kazi ya ofisi inachosha, na mimi si mtu wa subira. Ikifika dakika ya ishirini, mkono unatafuta simu. Nilisoma maoni ya watu waliokwisha kuiona, nikajua nani anakufa na nani anaoa, na Jumamosi nikasimama kwa muuza muvi nikizungumza kama mtu aliyetokwa na machozi. Si kila filamu, lakini nyingi. Nilijiambia kwamba mpishi hamalizi sufuria ndipo ajue chumvi imekolea.

Mwaka jana, mvua za kupanda zilipoanza, mama mkwe alinunua televisheni kubwa. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, akaamua kwamba Jumapili baada ya ibada atawaalika waje wanywe chai na kutazama filamu yenye mafunzo. Ujumbe ukaja: "Mwambie baba watoto anichagulie moja nzuri, ya heshima. Mke wa pasta atakuwepo. Baba watoto yeye najua hawezi niangusha."

Nilichagua filamu ya mjane mzee anayenyang'anywa shamba na wanawe. Ilianza na mazishi, kwaya ikiimba, na huyo mjane amekaa kwenye kiti cha mbao bila kulia. Dakika ishirini zile zilikuwa nzuri kweli, sikatai. Nilisoma maoni mawili matatu ya watu, nikaitia kwenye flashi, nikampa mke wangu aipeleke. Nikatuma na ujumbe wa sauti: "Mwambie mama, hii nimeiangalia yote. Ni ya kulia. Mwisho mjane anapata shamba lake, na wanawe wanapiga magoti."

Jumapili hiyo tulikuwa mezani simu ilipolia. Mke wangu aliiweka kwenye spika, maana alikuwa na ugali mkononi. Alikuwa mama yake. Kina mama kumi na wawili sebuleni, alisema, vikombe mkononi. Yule mtoto wa pili wa mjane akaingia chumbani na mke wa kaka yake, na nguo zikaanza kutoka. Akatafuta rimoti, hakuiona. Akainuka kuzima televisheni, na hiyo televisheni mpya hakujua pa kuizimia. Alisimama mbele ya kioo na kutandaza leso yake kwa mikono miwili kuficha picha, lakini sauti zile ziliendelea kusikika. Mke wa pasta alitoka nje bila kuaga.

"Ni nani aliweka hiyo takataka kwa flashi?" aliuliza. "Niambie saa hii. Ni nani?"

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitikisa kichwa, nikamnyooshea kidole yeye, na kwa midomo tu, bila sauti, nikamwambia: sema ni wewe.

Ninajua nilichokuwa nikifikiri, maana nimekirudia mara nyingi. Kwa binti, jambo lile ni uzembe. Mama atafoka, siku mbili zitapita, yataisha. Kwa mkwe ni jambo jingine kabisa. Mimi ambaye sikuruhusiwa hata kumshika mkono nilikuwa nimempelekea uchi sebuleni kwake, mbele ya kanisa. Ningekanyaga vipi tena kwao? Wazee wangekaa, ningetakiwa kutoa mbuzi na kuomba radhi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ilikuwa kweli. Lakini palikuwa na jambo jingine chini yake, nalo ni dogo na la aibu zaidi: nilikuwa nimesema nimeiangalia yote. Sikutaka ajue kwamba huwa nasema hivyo.

Mke wangu aliuweka ugali chini. "Ni mimi, mama," alisema. "Nilibadilisha flashi. Yake ilikuwa imetolewa hizo mambo mbaya, hii yangu sikuiangalia kwanza."

 Kisha mama mkwe akasema, "Nilijua. Nilijua hawezi kuwa yeye." Akakata.

Wiki ile ile aliacha uenyekiti. Hakufukuzwa, aliacha mwenyewe, akasema macho yake hayawezi tena kuwatazama wenzake.

Siku mbili zikapita, halafu mbili nyingine, na hayakuisha. Ujumbe wa sauti uliendelea kuja, ila ulikuwa mfupi. Hapakuwa na habari za mgongo, wala watoto, wala kuku. Ulianza moja kwa moja: "Mwambie baba watoto." Na mwisho wake: "Na flashi aweke yeye mwenyewe. Sio wewe." Mke wangu alinishikia simu nisikilize, akatazama ukutani. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu. Nilichambua waigizaji. Nilifanya utani, na mama mkwe aliucheka kwenye ujumbe uliofuata. Tena maksi zake kwa filamu zangu zilipanda, kana kwamba ananifariji kwa kuwa na mke wa namna hiyo. Nilifurahi. Aibu yangu kubwa iko hapo: si kwamba nilisema uongo siku moja, ila kwamba niliufurahia miezi kadhaa.

"Utamwambia lini?" mke wangu aliniuliza wiki ya kwanza.

"Wacha hasira zipoe."

Aliniuliza tena wakati wa palizi. Nikamwambia tungoje mavuno, watu wakishavuna moyo unakuwa mwepesi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye busara. Baada ya hapo hakuniuliza tena.

Mavuno yalikuja. Mama mkwe alikuwa akigeuza mahindi juani, ametandaza turubai uani, akakanyaga punje zilizomwagika pembeni, akateleza. Nyonga ikavunjika. Walimpeleka hospitali Bungoma, na sisi tukatoka Kitale siku hiyo hiyo.

Mimi bila shaka sikuingia wodini. Nilikaa kwenye benchi la nje, pamoja na wanaume wengine waliokuja kuona wagonjwa wao. Hospitalini kwetu mgonjwa huogeshwa na watu wake. Wauguzi hawatoshi, na hakuna anayelalamika. Mke wangu aliomba maji moto, akayachanganya kwenye beseni, akajaribu kwa kiwiko kama anavyojaribia ya watoto, akaingia. Alikuwa amenunua sabuni ile mama yake anayoipenda.

Alirudi mapema mno. Beseni lilikuwa limejaa vile vile, na taulo kavu begani. Nikainuka. Alipita mbele yangu akaenda mpaka kwenye mtaro, akayamwaga yale maji polepole.

"Amekataa," alisema. "Ati hawezi kuvuliwa nguo na mtu hana haya. Ati wamwitie bibi ya ndugu yangu."

Mke wa shemeji yangu alifika kesho yake kutoka Tongaren, akamwogesha. Mke wangu alisimama koridoni akamshikia mlango. Nilimwona. Nilikuwa na mdomo, na wodi ilikuwa hatua chache, na sikusema kitu. Nilijiambia mgonjwa asisumbuliwe. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Jumamosi nilikuwa nimerudi Kitale kazini, na mchana miguu ikanipeleka kwa muuza muvi. Walikuwa wakibishana juu ya filamu moja mpya ya hakimu. Mmoja akanigeukia: "Wewe umeiona? Tuambie, huyo hakimu alikosea ama hakukosea?" Nilikuwa nimeiona dakika kumi na tano, na maoni nimesoma. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Nikaona uso wa mke wangu pale mtaroni. Nikasema, "Sijaiona." Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Nikaondoka nikiwa na hasira nao, ingawa hawakuwa wamenikosea lolote.

Nilimpigia mke wangu, ambaye alikuwa bado Bungoma. Nikamwambia imetosha, amwambie mama yake ukweli, kwamba ile flashi niliijaza mimi.

"Nimwambie mimi?" aliuliza.

"Ndiyo. Mwambie mama..."

"Hapana," alisema. Hakupandisha sauti. "Miaka yote nimebeba maneno yenu. Chai mkono moja, maneno mkono ingine. Hiyo ya kwako sibebi. Kuja uilete mwenyewe."

Nilimkumbusha mila. Hilo nalo nilifanya, na nikilikumbuka nasikia joto masikioni. Nilimwambia anajua siwezi kuzungumza na mama yake, tena jambo kama lile. Aliniacha nimalize. "Siku ile ukininyoshea kidole," akasema, "mila ilikuwa wapi?"

Nilifika Bungoma Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilimwomba muuguzi azungushe pazia kwenye kitanda cha mama mkwe, aniwekee kiti upande wa pili. Alikuwa mtu wa kwetu, hakuuliza maswali. Mke wangu alikuwa nje kwenye benchi langu la siku zote. Nilikaa. Niliona kivuli cha mguu uliofungwa, na mkono mmoja juu ya shuka. Nikaangalia viatu vyangu.

"Mama," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila mtu katikati. Mkono juu ya shuka ulitulia. "Mama, ni mimi. Ile filamu ya mjane, ile ya kina mama. Flashi haikubadilishwa. Niliijaza mimi, nikampa akuletee vile ilivyokuwa. Nilimwambia aseme ni yeye."

 Kitanda cha pili mtu alikuwa akimenya ndizi. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Uliangalia ikafika wapi?" aliuliza.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Dakika ishirini."

"Na ulisema umeangalia yote."

"Nilisema."

Alipumua kwa taabu, nadhani alijaribu kugeuka. "Mimi niliimaliza," alisema. "Wiki ingine, nikiwa peke yangu. Nilifunga mlango. Nilitaka kujua kama huyo mama alipata shamba yake." Akakohoa kidogo. "Hakupata. Alikufa kwa nyumba ya kupanga, na hakuna mtoto alipiga magoti. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena. Wewe ulikuwa umesema alipata. Nikasema, basi ni mimi nimezeeka, hiyo Kiingereza yao imenipita. Mkwe wangu ameangalia yote, hawezi kukosea."

Ningependa kusema nililia, lakini sikulia.  Nilikuwa nimemfanya mwalimu asiyaamini macho yake mwenyewe. Alikuwa na ushahidi mkononi, amerudisha nyuma na kuutazama mara mbili, akachagua kuniamini mimi na kumwacha binti yake.

"Nisamehe, mama."

"Si mimi wa kwanza kuombwa," alisema. Kisha kwa sauti ile ya darasani, iliyochoka lakini ile ile: "Toka hapo. Niitie mtoto wangu. Mwambie aje na maji."

Nilitoka. Kwenye benchi nilimwambia mke wangu, "Mama anakuita. Uende na maji." Mara hii moja mimi ndiye niliyebeba ujumbe. Aliinuka bila kunitazama, akaenda kuchukua beseni, akayachanganya maji, akajaribu kwa kiwiko.

Nilikaa palepale nje ya mlango. Nilisikia pete za pazia zikivutwa, kisha nguo ikikamuliwa, na mama mkwe akisema kitu kwa Kibukusu, taratibu, jina la utotoni analomwita binti yake. Halafu nikasikia mke wangu analia. Hakuwa analia kama mtu mzima anayejizuia kwa sababu ya watu. Alilia kwa kwikwi, bila haya, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Wanaume wenzangu kwenye benchi waligeuza nyuso. Kwa miezi saba nililala kando yake, na nilikuwa nimeamini kwamba ameshazoea.